Seli za ubongo zinaposhindwa kuzoa taka zake

MZEE anapoanza kusahau majina ya wajukuu zake, au mkono wake unapotetemeka ilhali ameketi tu barazani, jamaa huambiana kwamba huo ni uzee. Mgonjwa akiwa bado hajatimiza hata miaka 50, minong'ono hugeukia uchawi. Maelezo hayo yote mawili hayatufikishi mbali.

Wataalamu wanapochunguza kwa darubini ubongo wa watu waliofariki kwa maradhi ya kuchakaa kwa neva, yakiwamo ya Alzheimer, Parkinson na Huntington, hukuta jambo linalojirudia. Ndani ya seli za neva, au kando yake, mna marundo ya protini zilizopoteza umbo lake na kugandana. Protini yenyewe hutofautiana kutoka ugonjwa mmoja hadi mwingine, lakini rundo lipo.

Daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kulieleza. Novemba 3, 1906, mjini Tübingen, aliwasimulia madaktari wenzake habari za mwanamke ambaye alianza kumwona hospitalini mjini Frankfurt mwaka 1901, mgonjwa akiwa na umri wa miaka 51. Mama huyo alikuwa amepotewa na kumbukumbu na kujawa na wivu na hofu zisizo na msingi. Alipofariki mwaka 1906, ubongo wake ulikutwa na mabaka ya ajabu nje ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Leo inajulikana kwamba mabaka yale ni protini iitwayo amiloidi-beta, na nyuzi zile ni protini iitwayo tau. Mwaka 1912 Mjerumani mwingine, Friedrich Lewy, alieleza juu ya vidonge vya mviringo katika seli za wagonjwa wa Parkinson. Ilipofika mwaka 1997 ilibainika kwamba vidonge hivyo vimejaa protini ya alfa-sinukleini.

Hapo ndipo swali lenyewe linapoanzia. Alfa-sinukleini imo katika ubongo wa kila mtu, mzima na mgonjwa. Amiloidi-beta nayo hutengenezwa na kila binadamu katika maisha yake yote. Kwa nini basi kwa baadhi yetu zirundikane na kwa wengine zisirundikane?

Kwa miaka mingi watafiti walielekeza macho zaidi kwenye utengenezaji, kwa dhana kwamba mgonjwa huzalisha protini hizo kupita kiasi. Ni kweli kwamba zipo familia chache zenye kasoro ya jeni ambako mambo ni hivyo. Lakini mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliwapima wagonjwa 12 wa Alzheimer na watu wengine 12 wasio na ugonjwa huo, na kulinganisha kasi ya kutengeneza amiloidi-beta na kasi ya kuiondoa. Utengenezaji ulikuwa sawasawa. Uondoaji ndio uliokuwa umepungua kwa wagonjwa, kwa takriban asilimia 30. Kwa maneno mengine, nyumba haizalishi taka nyingi kuliko ya jirani. Mzoa taka ndiye anayechelewa.

Protini huzaliwa na hufa

Msomaji aliyezoea kulisikia neno protini likitajwa pamoja na maharage, mayai na dagaa hana budi kulipanua kidogo. Ndani ya seli, protini ndiye mfanyakazi. Ni mnyororo wa asidi amino uliokunjwa kwa umbo maalumu, na umbo hilo ndilo linaloipa kazi yake, iwe ni kubeba, kukata, kujenga au kupeleka habari. Umbo likiharibika, kazi hupotea, na zile sehemu zenye kunata zilizokuwa zimefichwa ndani hujitokeza nje. Protini mbili za namna hiyo zikikutana, hugandana.

Seli haikubali jambo hilo kirahisi. Zipo protini walezi, ambazo kazi yake ni kuikunja vyema protini changa na kuinyoosha iliyopindika, kama kungwi anavyomwongoza mwari. Ulezi ukishindikana, hukumu ni kuvunjwa. Hata protini isiyo na dosari huvunjwa siku zake zikitimia: nyingine huishi dakika chache, nyingine majuma. Asidi amino zinazopatikana hutumika kujengea protini mpya, kama matofali ya nyumba iliyobomolewa.

Kwa muda mrefu ilikuwa fumbo kwa nini uvunjaji huo unahitaji nishati. Nyama ikimeng'enywa tumboni, vimeng'enya huikata bila kuhitaji nishati yoyote kutoka nje. Kwa nini basi kazi ileile ikifanyika ndani ya seli iwe na gharama? Jibu lilipatikana kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kutokana na kazi ya Aaron Ciechanover na Avram Hershko wa Israel, pamoja na Irwin Rose wa Marekani, ambao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004. Nishati inatumika kwa sababu seli haivunji ovyo, inachagua.

Protini inayotakiwa kuondolewa hupachikwa alama. Alama hiyo ni protini nyingine ndogo, yenye asidi amino 76, iitwayo ubikwitini. Vimeng'enya vya aina tatu hupokezana kazi: cha kwanza huiamsha ubikwitini kwa kutumia nishati, cha pili huibeba, na cha tatu huitambua protini yenye kasoro na kuibandika alama hiyo. Cha tatu ndicho chenye macho, na ndiyo sababu mwili wa binadamu una takriban aina 600 za vimeng'enya vya kundi hilo, kila kimoja na protini zake. Kwa kawaida ubikwitini moja haitoshi. Mnyororo wa nne au zaidi ndio unaosomeka kama hati ya kifo.

Hati hiyo husomwa na mashine iitwayo proteasomu. Ina umbo la pipa lililojengwa kwa pete nne zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kifuniko kwenye kila upande. Meno yake yamo ndani, mbali na protini nzima zinazopita nje. Kifuniko huitambua alama, huing'oa ubikwitini ili itumike tena, huikunjua protini mpaka inyooke kama uzi, kisha huisukuma ndani ikakatwe vipande vidogo.

Wembamba wa mlango huo ndio usalama wa seli, na ndio udhaifu wake pia. Protini moja moja hupita. Rundo lililokwisha kugandana halipiti. Baya zaidi, majaribio ya maabara yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba vikundi vidogo vya protini zilizogandana, za aina zinazohusishwa na Alzheimer, Parkinson na Huntington, hushikamana na pipa hilo na kulizuia lisifunguke hata kwa protini nyingine zinazosubiri zamu yake.

Kuna ushahidi mwingine uliopatikana kwa njia ya pembeni. Bortezomibu, dawa ya aina fulani ya saratani ya damu iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2003, huua seli za saratani kwa kuiziba proteasomu. Mojawapo ya madhara yake yanayowasumbua sana wagonjwa ni ganzi na maumivu ya neva za miguu na mikono.

Mfuko wa asidi

Taka kubwa zina njia yake. Njia hiyo ilianza kujulikana kwa bahati, kama yalivyo mambo mengi ya sayansi. Mnamo mwaka 1949 Christian de Duve, mtafiti wa Louvain nchini Ubelgiji, alikuwa akichunguza vimeng'enya vya ini la panya. Kimeng'enya kimoja kilionekana dhaifu mno katika sampuli mbichi, lakini sampuli ileile ilipokaa kwenye jokofu kwa siku chache, nguvu yake ikapanda. Badala ya kuitupa kazi hiyo kama iliyoharibika, de Duve alijiuliza kama kimeng'enya hakikuwa kimefungiwa ndani ya kifuko ambacho kiliachia kilipozeeka. Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1955 kifuko hicho alikipa jina la lisosomu, na mwaka 1974 akashiriki Tuzo ya Nobel.

Lisosomu ni mfuko wenye asidi kali, uliojaa vimeng'enya vinavyoweza kuvunja karibu kila kitu kilichomo ndani ya seli: protini, mafuta, hata mitambo mizima. Mitokondria iliyochakaa, yaani kile kinu cha kuzalisha nishati, haiwezi kamwe kupenya katika pipa la proteasomu, lakini humezwa humu. Seli hutanda utando kuizunguka taka, utando huo ukajifunga na kuwa kifuko chenye kuta mbili, kisha kifuko kikasafiri hadi kwenye lisosomu na kuungana nayo. De Duve aliliita tendo hilo, mwaka 1963, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kujila. Watafiti wanaoandika kwa Kiingereza wamelishika. Hapa tutasema kujila kwa seli.

Kwa karibu miaka 30 hakuna aliyejua ni jeni zipi zinazoendesha kazi hiyo. Mjapani Yoshinori Ohsumi ndiye aliyelipata jibu, tena kwa kutumia hamira, ileile ya kuumulia maandazi. Alizichukua chembe za hamira zilizokosa vimeng'enya vya kuvunjia taka, akazinyima chakula, na baada ya saa chache akaona chini ya darubini vifuko vikijaa tele ndani yake bila kuyeyushwa. Kisha akazichunguza chembe zenye kasoro kwa maelfu ili kujua ni zipi zinazoshindwa kuvitengeneza vifuko hivyo, na mwaka 1993 akatangaza jeni 15. Sehemu kubwa ya jeni hizo zina wenzake katika mwili wa binadamu. Nobel yake ilikuja mwaka 2016, naye akaipokea peke yake.

Kwa nini ubongo?

Kila seli ya mwili ina njia hizi mbili. Kwa nini basi marundo yaonekane zaidi kwenye ubongo kuliko, tuseme, kwenye ngozi?

Sababu ya kwanza ni kwamba seli ya ngozi hugawanyika, na kila inapogawanyika taka zake hugawanywa kwa mbili. Seli nyingi za neva hazigawanyiki tena mtu akishazaliwa. Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na zilizo nyingi zina umri uleule wa mwenyewe. Hazina mahali pa kuhamishia taka.

Sababu ya pili ni umbali. Seli inayotoka uti wa mgongo hadi kidoleni mguuni ina mkia unaoweza kufikia urefu wa mita moja, hali kiini chake ni kidogo hata hakionekani kwa macho. Lisosomu zenye nguvu kamili huwa karibu na kiini. Kifuko kinachobeba taka kutoka ncha ya mkia hulazimika kukokotwa njia nzima kurudi kiinini, juu ya reli nyembamba za protini. Mkazi wa Dar es Salaam na afikirie lori la taka linaloondoka Kariakoo kwenda dampo la Pugu: njia ikiziba katikati, uchafu hujaa sokoni hata kama dampo lenyewe lina nafasi. Katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, darubini imeonyesha mikia iliyovimba, ikiwa imesheheni vifuko visivyofika mwisho wa safari.

Uthibitisho ulio wazi kuliko wote ulitoka Japani mwaka 2006. Makundi mawili ya watafiti, yakifanya kazi kila moja kwa upande wake, yaliwazalisha panya ambao jeni moja ya kujila kwa seli ilikuwa imezimwa katika seli za neva pekee. Panya hao hawakupewa protini yoyote mbaya wala jeni ya ugonjwa wowote. Hata hivyo, seli zao zilijaa marundo yenye alama za ubikwitini, viungo vyao vikaanza kuyumba, na seli za ubongo zikafa. Kuacha kuzoa tu kulitosha kuleta maradhi.

Kila ugonjwa na mahali pake pa kukwama

Kwa Parkinson picha imekuwa wazi kuliko kwingineko, kwa sababu ya familia ambazo ugonjwa huwaanza vijana. Mwaka 1998 watafiti wa Japani waligundua jeni waliyoiita Parkin, na miaka miwili baadaye ikajulikana kwamba kazi yake ni kubandika alama ya ubikwitini. Mwaka 2004 ikapatikana nyingine, PINK1. Ilipofika mwaka 2008 na miaka iliyofuata ndipo ilipoeleweka kwamba hizo mbili hushirikiana: mitokondria ikiharibika, PINK1 hukusanyika juu yake na kuiita Parkin, Parkin huipachika alama, seli humeza. Mtu aliyerithi nakala mbovu za mojawapo ya jeni hizo kutoka kwa baba na mama hubaki na vinu vibovu vinavyotoa moshi ndani ya seli, na seli zinazozalisha dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kwenda bila kutetemeka, ndizo huathirika kwanza.

Jeni nyingine inagusa lisosomu moja kwa moja. Inaitwa GBA1, na hutengeneza kimojawapo cha vimeng'enya vya mfuko ule wa asidi. Mtoto aliyerithi nakala mbili zenye kasoro kubwa huugua ugonjwa adimu wa Gaucher. Madaktari wa ugonjwa huo walianza kugundua kwamba wazazi na babu wa watoto hao, ambao wana nakala moja tu yenye kasoro, walikuwa wakipata Parkinson mara nyingi kuliko kawaida. Uchunguzi uliojumuisha vituo 16 katika nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba kasoro za jeni hiyo zilipatikana kwa wagonjwa wa Parkinson zaidi ya mara tano kuliko kwa watu wengine.

Habari hizo zilihusu zaidi watu wa asili ya Ulaya, Waashkenazi na Waasia. Afrika ilikuwa haijatazamwa. Mwaka 2023 jarida la tiba la Lancet Neurology lilichapisha utafiti ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Lagos na wenzao wa Uingereza na Marekani, uliochunguza wagonjwa wa asili ya Kiafrika, wengi wao wakiwa Wanigeria. Katika jeni hiyohiyo ya GBA1 walikuta tofauti moja ambayo ni nadra mno kwa Wazungu. Mwenye nakala moja ana uwezekano wa kupata Parkinson unaokaribia mara 1.5 ya mtu asiye nayo. Mwenye mbili, takriban mara 3.5. Tofauti hiyo haikai mahali ambapo kasoro za Wazungu hukaa, hivyo kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya Ulaya kingeipita bila kuiona. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote katika fani hii kwa msomaji wa bara letu, na haikupewa nafasi inayostahili kwenye magazeti.

Kuna njia ya tatu, ndogo, ambamo lisosomu huzivuta protini moja moja kupitia mlango maalumu ulio kwenye ukuta wake. Alfa-sinukleini ya kawaida hupita humo. Mwaka 2004 ilionekana kwamba alfa-sinukleini yenye kasoro za kurithi hung'ang'ania mlangoni bila kuingia, na kuwazibia wengine njia.

Katika ugonjwa wa Huntington, ambao hurithiwa moja kwa moja kutoka kwa mzazi, kosa liko kwenye protini ya hantingtini, ambayo hupata mkia mrefu wa asidi amino ya aina moja inayojirudia. Jeni yake ilipatikana mwaka 1993, baada ya miaka mingi ya kazi iliyozitegemea sana familia kubwa zenye ugonjwa huo kando ya Ziwa Maracaibo nchini Venezuela. Hapa vifuko hutengenezwa, na husafiri, lakini uchunguzi wa mwaka 2010 ulikuta vingi vikiwa karibu vitupu. Lori linaondoka bila mzigo.

Kwa Alzheimer, tatizo linaonekana kuwa mwishoni mwa safari. Mwaka 2022 watafiti wa New York walionyesha katika panya kwamba asidi ya lisosomu hupungua makali mapema, kabla mabaka ya amiloidi hayajaonekana nje ya seli. Lisosomu zisizo na asidi ya kutosha hupokea taka na kushindwa kuziyeyusha. Seli huvimba kwa vifuko vilivyojaa amiloidi na hatimaye hupasuka. Kwa mtazamo huo, baka lililomshangaza Alzheimer ni kaburi la seli iliyokufa kwa kushiba uchafu wake. Si watafiti wote wanaokubali kwamba mabaka yote huanza hivyo.

Je, rundo ndilo muuaji?

Hapa yapasa kuwa waangalifu. Ni rahisi kudhani kwamba kinachoonekana kwa darubini ndicho kinachoua. Mwaka 2004 kundi la watafiti wa San Francisco lilizifuatilia seli moja moja za neva zilizopewa hantingtini mbovu, siku hadi siku. Seli zilizojenga rundo kubwa ziliishi muda mrefu zaidi kuliko zile zilizokuwa na protini hiyo imetawanyika. Inaelekea basi kwamba rundo ni jalala la dharura: seli ikishindwa kuvunja, hukusanya pamoja ili vikundi vidogo, vilivyo hatari zaidi, visizagae.

Majaribio mengine ya mwaka 2000, nayo ya Huntington, yanatia moyo. Panya walitengenezwa wakiwa na jeni mbovu inayoweza kuzimwa. Baada ya kuugua, jeni ilizimwa. Marundo yalitoweka na panya wakapata nafuu katika mwendo wao. Seli zilikuwa bado na uwezo wa kuzoa. Zilikuwa zimezidiwa tu na kasi ya uzalishaji.

Dawa, na biashara ya maneno

Rapamaisini, dawa iliyotokana na vijidudu vya udongo wa Kisiwa cha Easter katika Bahari ya Pasifiki, huchochea kujila kwa seli. Mwaka 2004 watafiti wa Cambridge, Uingereza, waliwapunguzia kwa dawa hiyo panya na nzi dalili za Huntington. Lakini dawa hiyo hupunguza kinga ya mwili. Wanaoitumia kwa kawaida ni watu waliopandikizwa figo, ili mwili usiikatae. Kumpa mzee kila siku kwa miaka 20 si jambo dogo. Lithiamu nayo ilitangazwa kwa kishindo mwaka 2008 kwa wagonjwa wa ALS, ugonjwa wa kulegea misuli uliomsibu mwanafizikia Stephen Hawking, baada ya jaribio dogo nchini Italia. Majaribio makubwa yaliyofuata hayakuona faida yoyote.

Ipo pia ambroksoli, dawa ya kikohozi inayouzwa katika maduka ya dawa, ambayo huipa nguvu kazi ya kimeng'enya cha GBA1. Mwaka 2020 ilijaribiwa mjini London kwa wagonjwa 17 tu wa Parkinson na kuonekana kuwa inafika kwenye ubongo. Mwaka 2025 matokeo ya Kanada kwa watu 55 wenye Parkinson iliyoambatana na kupoteza kumbukumbu yalionyesha kwamba ni salama, lakini haikuleta tofauti ya kutegemewa katika kumbukumbu zao. Dozi zilizotumika ni kubwa mara nyingi kuliko ile ya kikohozi, na msomaji asijaribu kujitibu nyumbani kwa chupa ya dawa ya kifua.

Dawa zilizofika sokoni zinapita njia nyingine. Lekanemabu na donanemabu, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2023 na 2024, ni kingamwili zinazojibandika kwenye amiloidi iliyo nje ya seli ili seli za ulinzi za ubongo ziimeze. Mabaka hupungua kwelikweli. Mgonjwa hapati kumbukumbu zake tena; katika jaribio la miezi 18, lekanemabu ilipunguza kasi ya kuzorota kwa asilimia 27. Baadhi ya wagonjwa hupata uvimbe au damu kuvuja ndani ya ubongo, na ndiyo sababu hupigwa picha za ubongo mara kwa mara.

Na kufunga? Tangu Ohsumi apate Nobel, wauzaji wa vidonge na wahubiri wa mifungo wamekuwa wakidai kwamba kukaa na njaa kwa saa kadhaa "kunasafisha ubongo". Ni kweli kwamba njaa huchochea kujila kwa seli katika ini na misuli. Lakini panya waliochunguzwa Japani mwaka 2004 walionyesha ongezeko hilo karibu katika kila kiungo isipokuwa ubongo. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2010 ukasema lipo. Ubongo ni mfalme anayelishwa hata nchi ikiwa na njaa, hivyo tofauti hiyo haishangazi. Hakuna jaribio kwa binadamu lililothibitisha kwamba kufunga kunazuia Alzheimer wala Parkinson. Anayefunga kwa ajili ya dini yake ana sababu zake tosha. Mwenye kisukari anayefunga kwa ajili ya tangazo anahatarisha maisha.

Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulipita nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu zaidi ya 161,000. Ulipata wagonjwa 33 wa Parkinson. Zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajapata kuambiwa na mtu yeyote jina la ugonjwa wao, na kwa hiyo hawakuwa wamepewa hata levodopa, dawa ya tangu miaka ya 1960 ambayo humrudishia mgonjwa dopamini iliyopungua. Levodopa haizoi taka yoyote ndani ya seli. Ila humwezesha mtu kushika kikombe cha chai bila kukimwaga, na asili yake imo hata katika mbegu za upupu, ule mmea wa kuwasha unaoota kando ya mashamba yetu.